Vidole Kumi

Siku shemeji yangu alipozifuta sauti za dada yangu, hakumwambia. Dada alijionea mwenyewe, ukumbini, mbele ya watu, akiwa na glasi ya maji mkononi.

Niwaeleze kwanza walikuwa nani. Dada yangu na mumewe walikuwa wanatengeneza kinanda kisichoshikika. Ni programu: unaiweka kwenye kompyuta, unachomeka kibodi yoyote ya piano, na kompyuta inakulilia filimbi, kengele, zeze, au kitu ambacho masikio ya watu hayajawahi kukisikia. Waliipa jina Upeo. Chumba chao cha kazi kilikuwa juu ya duka la matairi, na mchana kutwa harufu ya mpira ilipanda ngazi ikajipenyeza hadi kwenye mapazia. Shemeji alikaa upande wa ukutani akiandika injini, yaani ile hesabu inayozaa mlio. Dada alikaa dirishani. Yeye alizitengeneza sauti zenyewe kutokana na injini hiyo, kisha akachora uso wa programu, pale mpigaji anapotazama na kugusa.

Mimi ni mpiga kinanda. Bendi yetu hupiga hotelini mwisho wa wiki, na mazoezi tunafanyia asubuhi kwenye ukumbi wa chakula, viti vikiwa vimepinduliwa juu ya meza. Dada alikuwa akija pale anakaa kimya, anatazama mikono yangu. Hakuniuliza napenda nini. Alisema mwanamuziki ukimuuliza anataka nini atakudanganya, si kwa ubaya, ila hajui. Atakwambia anataka zaidi, kama mtoto aliyeingizwa dukani. Yeye alitazama nilipokunja uso. Alitazama ni sauti gani niliifungua nikaifunga palepale, na ni ipi iliyonisahaulisha kwamba wenzangu wananisubiri.

Kwa kutazama hivyo alijifunza mengi. Alijua kwamba programu ikifunguka, sauti ya kwanza kabisa ndiyo mlango, na vidole visipopapenda hapo mlangoni, mtu hafiki sebuleni. Alijua kwamba sauti inayotikisa kuta ikiwa peke yake humfukuza mwimbaji kwenye wimbo wake mwenyewe, kwa hiyo za kwake alizikondesha kidogo, wenzake wapate pa kukaa. Na alizipa majina yanayokaa kichwani: Shangazi Anacheka, Mvua ya Bati, Mlango wa Ghala. Mtu akisema "tia Shangazi", mkono wangu ulikuwa umeshafika.

Shemeji aliyadharau majina hayo. "Mke wangu," alimwambia siku moja mbele yangu, "rangi ya ukuta haiuzi nyumba. Watu wananunua msingi."

"Na nyumba isiyo na mlango inaitwaje?" Dada akamuuliza.

"Ngome," akasema, akarudi kwenye hesabu zake.

Basi siku hiyo ya ukumbini yalikuwa maonyesho ya wataalamu wa kompyuta. Shemeji alipanda jukwaani akaeleza jinsi alivyoijenga Upeo. Alivyoijenga yeye. Alipomaliza, mtu mmoja akauliza yule mama aliyesimama pembeni ni nani. "Ni mke wangu," akajibu, "ananisaidia mambo ya mapambo." Watu wakacheka kwa adabu. Kisha akaifungua programu kwenye skrini kubwa, na dada yangu akaona kwamba hakuna hata sauti yake moja iliyobaki. Mahali pa Shangazi palikuwa na Pana 12-B. Chini yake Pana 12-C. Zilishuka hivyo kwa maelfu, zimezaliwa na hesabu yenyewe bila mtu kukaa akazisikiliza.

Njiani wakirudi alimuuliza sababu. Shemeji akasema wataalamu wangemcheka na mashangazi yake. Akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, kwamba jina lake nalo amelitoa kwenye programu ili watu wasichanganyikiwe.

Dada alihamia kwangu akiwa na kibodi kwapani na mkoba mmoja wa nguo. Mke wangu akawahamisha watoto, akampa chumba chao. Mimi nilitegemea kilio, nikawa nimeandaa maneno ya kumpoza. Nilimkuta jikoni anamenya chungwa.

"Sitamlilia," alisema. "Nitamchimbia."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, Dada."

"Nitaingia. Mradi yeye awe chini yangu."

Ningecheka, lakini nilimtazama usoni nikaona hakuna mzaha. Mama mkwe wake alipiga simu, akamwita mwanangu, akamsihi astahimili, nyumba yoyote ina kelele zake. "Ndiyo, mama. Nimekusikia, mama," Dada akamjibu kwa heshima zote. Akakata simu, akafungua kompyuta.

Upeo ilikuwa na kikundi cha watumiaji mtandaoni, watu wakiuliza maswali na shemeji mwenyewe akiyajibu. Dada alijiunga humo kwa jina la Vidole Kumi. Nilidhani anakwenda kumtukana. Alikwenda kumsifu. Na sifa zake zilikuwa za kweli, jambo lililonitisha zaidi kuliko matusi. Ukimtoa aliyeiandika, hakuna aliyeijua injini ile kuliko yeye, kwa hiyo alisifu palepale ambapo shemeji alijivunia na hakuna mtu aliyewahi kupaona: jinsi mlio unavyofifia bila kukatika, jinsi noti za chini zinavyobaki safi hata zikirundikana. Shemeji alikuwa na kiu ya kueleweka tangu nimjue. Akainama akanywa.

Baada ya hapo Vidole Kumi akaanza kuomba, kwa unyenyekevu. Fundi, haiwezekani kuongeza tabaka la tatu la sauti? Na la nne? Haiwezekani kila kitufe kikaweza kukiendesha kila kitufe kingine? Hakumsukuma hata mara moja. Kila alichoomba kilikuwa ni kitu ambacho shemeji alikitamani siku zote na dada yangu ndiye aliyekuwa akimkataza. Sasa alikuwa kama mhudumu wa baa anayemfungulia mlevi chupa, tena kwa tabasamu.

Nikamwambia, nikisoma juu ya bega lake, "Lakini hivi vitu ni vizuri. Hata mimi naweza kuvitumia."

"Ni vizuri sana," akasema. "Kimoja kimoja. Chumvi nayo ni nzuri."

Upeo ikavimba. Ukiifungua, feni ya kompyuta ilianza kuhema kama mtu aliyepandisha gunia ghorofani. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi, dirisha linafungua dirisha, na ukifika ulikokuwa unakwenda umesahau ulitoka kufanya nini. Kompyuta yangu ilizidiwa, mlio ukawa unakuja nyuma ya kidole: unabonyeza leo, inalia kesho. Lakini ukiwa na subira, ukakaa nayo ukiichokonoa, ilikupa kitu cha ajabu, kizito halafu safi, huku chini kikinguruma kama lori linalopita mtaa wa pili. Waandishi wa mambo ya mitambo waliisifu bila kuchoka. Wanamuziki walikuja, wakaijaribu, wakaisifu na wao, kisha wakarudi kwenye vinanda vyao vya zamani. Hakuna aliyekuwa na neno baya. Hakuna aliyekuwa na wimbo pia.

Mimi nilikuwa nao mmoja. Mwimbaji wetu tunamwita Zege, kwa sababu ya uzito wa koo lake. Alipomzika mama yake alitunga wimbo wa kumlilia, na mwanzo wake niliutengeneza kwa Upeo, nikihangaika nayo hadi nikapata sauti ambayo Zege alipoisikia mara ya kwanza aligeuka akatazama ukutani. Hatukuigusa tena. Tuliicheza hivyo.

Ndipo Vidole Kumi akaomba jambo lake la mwisho: kwa kuwa injini sasa imekomaa, je, fundi hawezi kuziboresha na zile sauti za matoleo yaliyopita? Shemeji akaziboresha zote. Toleo jipya likatoka, kompyuta yangu ikalichukua, na asubuhi ya mazoezi nikafungua wimbo wa Zege. Kilichotoka kilikuwa safi zaidi, angavu zaidi, kinameta. Ilikuwa kama umekwenda msibani ukamkuta mfiwa amevaa nguo za harusi. Zege alisikiliza kidogo, akaishusha maiki.

"Hiyo siyo," akasema.

Nikaitafuta ile ya zamani kila mahali. Haikuwepo.

Nilirudi nyumbani nimefura. "Ile ilikuwa ya mama yake Zege," nikamwambia Dada hata kabla ya kuvua viatu.

"Nilimwomba aboreshe. Sikumwomba afute. Angeziweka za zamani pembeni, mtu achague. Hakuwaza kwamba kuna mtu ameshajenga juu yake."

"Ulijua hatawaza."

"Nilijua," akasema. "Nimeishi naye."

Hakuomba radhi, na mimi siku hiyo sikula meza moja naye. Mke wangu alibeba sahani yangu chumbani, akaniambia kwamba hasira ya mwanamke aliyefutwa haina breki, na kwamba nisijitie kuwa ukuta. Mimi nilimwendea Zege nikamweleza kila kitu, kwa sababu alistahili kujua. Alikuja nyumbani, akamtazama Dada usoni.

"Dada," akasema, "na wewe nitakukasirikia. Lakini mmoja mmoja. Tuanze na yeye."

Haikupita muda nafasi ikajileta. Shemeji alikuwa ameanza kuona kwamba sifa haziimbi. Akaandaa mkutano mkubwa wa wanamuziki, mchana, kwenye ukumbi mzuri wenye mapazia mazito, akatangaza kikundini kwamba siku hiyo Upeo itapigwa jukwaani na mtumiaji anayeielewa kuliko wote. Akamwomba Vidole Kumi, mbele ya kila mtu, ajitokeze wajuane. Vidole Kumi akakubali. Akaomba neno moja tu: aje na mwimbaji wake.

Ukumbi ulijaa. Wapiga gitaa, wapiga tarumbeta, wanakwaya, maprodyuza wenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Shemeji alisema maneno mazuri kuhusu watu wanaosikiliza kwa kina. Kisha akamwita Vidole Kumi, na dada yangu akainuka kutoka safu ya nyuma.

Nilikuwa karibu na jukwaa, nikamwona shemeji vizuri. Kwanza alitabasamu, kwa kudhani mkewe amekuja wapatane. Halafu macho yake yakamtafuta mtu mwingine nyuma yake, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa.

Dada akaketi kwenye kibodi. Akavuta maiki. "Fundi, hongera kwa kazi," akasema, kwa sauti ya mgeni mwenye adabu. "Huyu kaka yetu ataimba wimbo wa kumlilia mama yake mzazi. Naomba unitafutie sauti ya kumsindikiza."

"Unataka ipi?" Shemeji aliuliza.

"Ya huzuni. Isimzidi."

Ombi dogo kiasi hicho. Mpigaji yeyote huombwa hivyo kila siku. Shemeji akaiinamia kompyuta, na kila alichogusa kikaonekana kwenye skrini kubwa nyuma yake. Pana 12-B. Dirisha, na dirisha jingine ndani yake. Feni ikaanza kuhema, na spika za ukumbi zikaikuza. Akapata sauti ya kwanza, Dada akabonyeza, glasi za mezani zikatetemeka. Zege akatikisa kichwa. "Inaniziba," akasema. Shemeji akatafuta nyingine. Hiyo ilimeta. Akatafuta nyingine. Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi kisicho na mafua.

"Fundi," mpiga tarumbeta mmoja akasema kutoka mbele, "kama haijafika, sisi tungoje stendi."

Kicheko kikapita ukumbini. Zege alikuwa bado amesimama na maiki yake. Ndipo mzee mmoja wa gitaa, ambaye hata simjui, akalipakata gitaa lake hapohapo alipokaa na kuanza kugonga nyuzi polepole. Zege akafumba macho akaanza kuimba. Viti vyote vikageuka kumwelekea yule mzee, na jukwaa likabaki nyuma ya migongo ya watu, shemeji akiwa juu yake bado anabonyeza.

Zege alikuwa kwenye ubeti wa mwisho shemeji alipoipata. Nasema kweli kwa kuwa nilikuwa karibu: aliipata. Dada alibonyeza noti moja, ikakawia, kisha ikaja, na ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwenye spika. Ilikuwa chini, pana, na ya huruma. Lakini wimbo ulikuwa umeshapita. Dada akainua kidole chake.

"Asante, fundi," akasema kwenye maiki. "Tumeshamaliza."

Akamwangalia machoni alipokuwa akisema hivyo. Nimemwona dada yangu siku ya harusi yake, nimemwona amebeba watoto wangu wachanga, sijawahi kumwona ana raha kama ile. Nilitamani nigeuze uso, na sikugeuza.

Wenye simu walikuwa wamerekodi. Ikaenea. Mtu akichelewa mazoezini siku hizi anaambiwa usiwe Pana. Upeo haikuinuka tena, ijapokuwa kila aliyeijua aliendelea kusema ni mashine kubwa. Talaka ilitoka bila makelele. Dada akazichukua zile sauti zake alizokuwa amezihifadhi, akazipandikiza kwenye injini ya kawaida, ya bure, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua, akaiita Kibuyu. Ni kitu kidogo. Inafunguka hujamaliza kukaa kitini, na anayekupokea mlangoni ni Shangazi. Wanamuziki wakaipenda bila kuulizwa, wakaambiana. Na sauti ya wimbo wako ya mwaka jana unaikuta kama ulivyoiacha.

Shemeji alikuja nyumbani mchana mmoja wa Jumapili. Mke wangu akamwekea kiti barazani, akamletea maji, kwani shemeji ni shemeji hata akikosa. Dada akatoka, akakaa mbele yake. Mimi nilitaka kuondoka, Dada akanizuia kwa jicho.

"Ulikuwa wewe tangu mwanzo," shemeji akasema.

"Tangu neno la kwanza."

"Yale uliyoandika kuhusu injini. Mlio unavyofifia, noti za chini. Na hayo ulinidanganya?"

"Hapana. Hayo niliyamaanisha."

Akainamisha kichwa. "Afadhali ungenidanganya."

"Najua."

Alikunywa maji. Alikuwa amekonda, shingo ya shati imempwaya. "Nimekisikiliza Kibuyu chako," akasema. "Juu ni kizuri sana. Chini hakina kitu. Ukishuka kinalegea."

"Nimekisikia."

"Injini yangu ingepajaza. Sauti ziwe zako, uso wako, majina yaleyale, na jina lako juu kabisa. Mimi nikae nyuma. Sizungumzii ndoa. Nazungumzia kazi tu."

Mimi mpigaji niliitaka kazi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka chombo chochote, na nadhani Dada naye aliitaka, kwa sababu hakujibu haraka. Alitazama nje ya uzio, ambapo watoto wangu walikuwa wanagombania baiskeli.

"Ulinifuta nikiwa mkeo," akasema hatimaye. "Tunakula sahani moja. Injini yako na ife. Ife ikiwa nzima, haina kosa hata moja, na wewe ujue kwamba haina kosa."

Shemeji akanyanyuka. Akamshukuru mke wangu kwa maji, akanipa mkono, akatoka getini akitembea katikati ya njia kama mtu asiyeona baiskeli wala watoto.

Wiki iliyofuata Zege alikubali kuurudia ule wimbo. Ilimchukua muda, na bado alikuwa hazungumzi na Dada zaidi ya salamu. Nilifungua Kibuyu, nikatia Mvua ya Bati, na mwanzo ukatoka vizuri, mpole, ukimpisha. Kwenye ubeti wa mwisho nikashuka chini, pale ambapo zamani palikuwa na ule mngurumo. Vidole vyangu vikakanyaga hewa. Zege akamaliza kuimba, akakaa kwenye ukingo wa meza.

"Ile ya kwanza ilikuwa na kitu huku," akasema bila hasira, akijigusa kifuani.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na alisikia. Nilimfuata. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo Zege asingeipata, kama hajutii.

"Najutia besi," akasema. "Yeye, hapana."

Akaingia ndani, akamwendea mpiga gitaa la besi, akainama mbele ya amplifaya yake na kuongeza kidogo. "Kaka yangu," akamwambia, "ubeti wa mwisho shuka naye, usimwachie peke yake. Haya, tuanze tena."